Natulia wodini, lakini natetemeka mbele ya sanamu ya mafunzo: nifanyeje?

Mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi, mwaka wa pili
Habari zenu, wanajukwaa. Wodini napima presha, nasafisha vidonda na kuzungumza na wagonjwa bila shida. Lakini nikisimamishwa mbele ya sanamu katika chumba cha mafunzo ya vitendo, huku mkufunzi na wenzangu kumi wakinitazama, moyo hunienda mbio na hatua nilizozisoma usiku kucha hunipotea. Wiki iliyopita tulikuwa tukijifunza kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Nilimkausha vizuri, kisha nikabaki nimeshika mfuko wa kubana wa kumpulizia hewa, nisijue barakoa yake niiweke vipi usoni, hadi ikapita ile dakika moja ya kwanza ambayo mtoto anatakiwa awe ameanza kupumua au kusaidiwa kupumua. Usiku ule nililia. Je, mtu anayeduwaa mbele ya mdoli anaweza kukabidhiwa mtoto halisi?

Muuguzi mkunga
Pole sana, mdogo wangu. Nadhani kinachokutisha ni macho ya watu kuliko sanamu yenyewe. Mgonjwa wa wodini hukujibu: unaona uso wake, unasikia joto la ngozi yake, naye anakuongoza bila kujua. Mdoli hana hayo. Katika zoezi hilo la mtoto mchanga, hata kilio na mapigo ya kitovu hutokana na vipira anavyobonyeza mkufunzi, kwa hiyo unalazimika kumjenga mgonjwa kichwani mwako huku ukitazamwa.

Mimi nilisaidiwa na kusema kila ninachofanya kwa sauti: "Namkausha. Hapumui. Naweka kichwa sawa. Naweka barakoa." Kisha nilihesabu "pumua, mbili, tatu", jambo linalosaidia kufikia kasi inayofundishwa ya takriban pumzi 40 kwa dakika. Ukisema kwa sauti, nawe unalazimika kuvuta pumzi.

Mkufunzi wa uuguzi
Hofu kidogo huchangamsha akili, lakini ikizidi humnyima mtu nafasi ya kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi, ndiyo maana hatua unayoijua vizuri hukutoka papo hapo. Hapa sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi wakufunzi, kwa kuwa tumezoea kuchanganya zoezi na mtihani. Mtihani wa vituo, yaani ule ambao mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akipimwa ujuzi wake, na ambao Ronald Harden na wenzake waliueleza mwaka 1975 kutoka Dundee, Uskoti, ulikusudiwa kupima. Zoezi ni mahali pa kukosea bila mtu kuumia, lakini mwanafunzi anayemwona mkufunzi na karatasi ya alama mkononi hawezi kuamini hivyo.

Siku hizi natangaza mapema kwamba hakuna alama, nawaacha wanafunzi washike vifaa kwanza, na kila kundi lina watu wanne tu. Tukimaliza tunaketi pamoja, na swali langu la kwanza ni "ulikuwa ukiwaza nini?", kwa sababu nikianza na makosa, aliyetetemeka hunyamaza kabisa. Mwombe mkufunzi wako nafasi ya kurudia na mwenzako mmoja nje ya kipindi. Kuduwaa mara moja mbele ya watu hakutoshi kukuhukumu, na ukiwa mwanafunzi leba hutaachwa peke yako. Ila kama usingizi na hamu ya kula vimepotea kwa majuma kadhaa, tafadhali onana na mshauri wa wanafunzi au daktari, wala usingoje mitihani ipite.

Mwanafunzi
Asanteni sana, nimesoma majibu yenu mara mbili. Nalala na kula vizuri, shida ni chumba kile tu. Mkufunzi wangu amekubali turudie Jumamosi, mimi na rafiki yangu. Dada mkunga, nikiwa nahesabu halafu nikaona kifua hakiinuki, niendelee kuhesabu?

Muuguzi mkunga
Usiendelee. Iweke barakoa upya, rekebisha kichwa, angalia kama kuna ute mdomoni na puani uutoe, fungua mdomo kidogo, kisha bana mfuko kwa nguvu zaidi. Jumamosi mwambie rafiki yako akufanyie makusudi kifua kisiinuke, urudie hapo hapo mara nyingi.