Kuhama Glasgow kwenda Skye na kuacha uhasibu: naombeni ushauri

BintiPangani: Wakuu, habari za jioni. Mume wangu kapata kazi kwenye shamba la samaki aina ya salmoni kisiwani Skye, huko kaskazini-magharibi mwa Scotland, anataka tuhame na watoto kabla shule hazijafunguliwa Agosti. Mimi ni mhasibu hapa Glasgow. Kule kazi ninayoiona ikitangazwa kila mara ni kuhudumia wazee majumbani, na mshahara utashuka. Ndugu zangu Tanga wananisema, "CPA yote hiyo ukaogeshe wazee?" Karatasi za ukaazi ziko sawa, hilo tuliache. Kuna aliyewahi kuishi huko?

Mpemba_Baridini: Skye! Dada, nunua koti kwanza, ushauri utafuata.

MwalimuMstaafu: Mpemba, usimtishe mtoto wa watu.

Binti, mimi nilifundisha hesabu Mombasa kabla ya kuja kuhudumia wazee Trotternish, kaskazini mwa Skye. Kazi yenyewe utaizoea. Utahitaji PVG ya Disclosure Scotland (ukaguzi wa rekodi za uhalifu), utasajiliwa SSSC (baraza linalosimamia wahudumu wa huduma za jamii), na cheti cha ufundi wa kazi, SVQ, unakisomea huku unalipwa. Kinachochosha ni barabara. Wazee wako wa asubuhi wametawanyika mabondeni, na njia ni ya gari moja: mkikutana, aliye karibu na sehemu ya kupishania anaingia, mwenzake anapita akiinua kidole juu ya usukani. Usipoinua, hadi jioni kijiji kizima kina habari zako.

Kuhusu maneno ya ndugu: nilikuwa na mzee mmoja mfugaji wa kondoo, mkali, wiki za mwanzo hanisemeshi. Siku moja nikamuuliza kishamba chake alikipataje. Ndipo akafunguka. Mababu zao hapo Skye walifukuzwa ardhini kupisha kondoo wa mabwana wenye ardhi. Mwaka 1882 polisi wakaletwa kutoka hukohuko Glasgow kwako, akina mama wa Braes, hapohapo Skye, wakawapokea kwa mawe. Sheria ya 1886 ndiyo iliyowapa wakulima wadogo haki ya kutoondolewa ovyo. Nami nikamsimulia maskwota wa Pwani na wenye hati wanaoishi ng'ambo. Tangu hapo nikifika nakuta kikombe cha pili kimeshamiminwa. Ofisini sijawahi kungojwa hivyo, na nimefanya kazi ofisi kadhaa.

Ila mumeo atangulie. Wewe kakae naye siku chache Desemba, usiende Juni ukadanganywa na jua la saa nne usiku. Desemba linachomoza saa tatu asubuhi, saa kumi jioni haijafika limeshazama, na upepo unataka kung'oa mlango wa gari. Ukiweza hapo, hamia.

MamaKheri_Inverness: Mwalimu kasema yote, kasahau leseni! Ya Tanzania unaendeshea miezi 12 tu tangu uanze kuishi Uingereza, baada ya hapo ufanye mtihani wa hapa, wa nadharia na wa barabarani. Bila gari kazi ya wazee huko huipati. Na hospitali kubwa ni Raigmore huku kwetu, zaidi ya saa mbili kutoka Portree, mji mkuu wa Skye, kwa hiyo kama unategemea mtoto mwingine lipangeni mapema. Nyama ya halali uje ununue ya kujaza friza. Kiangazi kuna usubi, usiombe.

BintiPangani: Shikamoo Mwalimu, asanteni sana. Leseni ya hapa sina, Glasgow natembelea treni na basi. Basi mume atatangulia, mimi naanza masomo ya udereva. Swali la mwisho: uhasibu ndio nauzika kabisa?

MwalimuMstaafu: Marahaba. Hapana, usiuzike. Wenye nyumba za wageni na mikahawa wamejaa kisiwani, na wengi wao hesabu za kodi zinawatoa jasho. Huko watu wengi wana kazi mbili tatu. Jirani yangu alikuwa anaendesha basi la shule, anafuga, na anapangisha vyumba. Chukua wazee asubuhi, vitabu vya hesabu mchana. Bandika tangazo duka la kijiji, na uandike namba ya simu kwa herufi kubwa.