Watalii wakikatika, Lamu tushirikiane vipi?

Mwenye nyumba ya wageni, Shela:
Assalaam aleikum. Waliokuwepo 2014 wanakumbuka kafyu iliyofuata mashambulizi ya Mpeketoni, wavuvi wakazuiwa kutoka usiku na vyumba vyetu vikabaki vitupu. Kisha 2020 ikaja korona, ndege za kimataifa za abiria zikasitishwa kuanzia Machi hadi Agosti. Mara zote mbili kila mtu alihangaika kivyake, huyu akishusha bei chini ya jirani yake, yule akimpokonya mwenzake abiria. Ni ushirikiano gani unaoweza kutuvusha?

Nahodha, Lamu mjini:
Wa aleikum salaam, dada yangu. Tuanzie gatini. Mgeni hushuka uwanja wa Manda, huvuka kwa boti, na kabla hajakanyaga ngazi begi lake limeshashikwa na watu watatu wanaogombana. Atalipa, lakini sidhani kama atarudi. Wenye boti wakikubaliana zamu na bei moja, na sehemu ndogo ya kila safari ikaingia kwenye mfuko wa pamoja tangu Desemba wageni wakiwa wengi, mabaharia watakuwa na cha kushika mwezi wa Mei, mvua na pepo za kusi zinapotufungia kazi. Mfuko ukianzishwa baada ya balaa hauna wa kuuchangia.

Mkaazi wa Gede, Malindi:
Zamu naziunga mkono, ila mfuko unaomtegemea mtalii peke yake utakauka naye. Huku kwetu mradi wa Kipepeo upo tangu 1993: wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, huuzwa kwenye maonyesho ya vipepeo ya ng'ambo, hivyo mkulima hapati tu riziki isiyosubiri mgeni afike Malindi, bali pia ana sababu ya kuulinda msitu wenyewe. (Tuseme kweli, pupa nao hupanda ndege.) Ninyi mna mafundi wa nakshi na waunda majahazi wa Matondoni, watafutieni soko Nairobi na Mombasa.

Mweka hazina wa chama cha akiba, Langoni:
Hayo yote husimama au huanguka kwa daftari. Salio lisomwe hadharani kila mwezi, na anayeruka zamu atozwe faini hata akiwa mpwa wa mwenyekiti.

Mwenye nyumba ya wageni, Shela:
Shukrani. Na asiyejiunga atazuiwaje gatini?

Nahodha, Lamu mjini:
Hazuiliwi, gati ni la wote. Ninyi wenye nyumba mkikubali kuita boti za zamu pekee, atakuja kujiandikisha mwenyewe.