Seli ya HHO kwenye jenereta ya petroli: gesi inatoka, matumizi ya mafuta hayapungui

waya_mwekundu

Wakuu habari. Nimetengeneza seli ya HHO, yaani kifaa kinachopasua maji kwa umeme kuwa mchanganyiko wa gesi za haidrojeni na oksijeni, nikaiunga kwenye jenereta ili ipunguze petroli. Naomba wanaoijua hii kitu wanisaidie.

Jenereta: 2.5 kVA, petroli, silinda moja, 163 cc, kabureta na magneto (ndiyo inayozalisha cheche). Seli: sahani 7 za stenlesi 316L, sm 15 kwa 15, unene mm 1, gasketi za raba mm 3. Chanya sahani ya mwanzo, hasi ya mwisho, tano za katikati hazina waya. Ndani ni maji ya bomba na magadi. Umeme unatoka kwenye chaja iliyochomekwa kwenye jenereta hiyohiyo, volti 13.8, ampea 20. Kwa kupima na chupa iliyopinduliwa kwenye beseni napata lita 1.6 za gesi kwa dakika. Bomba linaingilia kati ya kichujio cha hewa na kabureta.

Shida: maji ya seli yamekuwa kahawia, seli inachemka kiasi cha kutoshikika, na kwa mzigo wa wati 1000 petroli inaisha kasi ileile au zaidi. Pia, kuna video injini inawaka kwa gesi hii tupu. Inawezekana?

kostiki_tupu

Anza na magadi, yatoe. Magadi ya ziwani yanakuja na chumvi ndani yake, na maji ya bomba nayo yana kloridi. Kloridi inaitafuna stenlesi upande wa chanya hata kama ni 316L. Hiyo kahawia ni chuma cha sahani zako, na ukiona rangi inaelekea njano ujue kuna kromiamu ya aina yenye sumu. Usiishike mikono mitupu, na usiimwage shambani wala karibu na kisima.

Tumia kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, kwenye maji yaliyotoneshwa. Dukani utayapata kwa jina la maji ya betri, ila soma chupa, usije ukauziwa asidi ya betri. Anza na gramu 50 kwa lita moja. Kostiki inaingia kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Chombo kiwe plastiki ngumu au stenlesi. Sufuria ya alumini italika na kutoa haidrojeni hapohapo. Miwani na glavu ni lazima.

Usiendelee kuongeza kostiki ili tu ufike ampea 20 seli ikiwa bado baridi. Ikipata joto ukinzani unashuka, ampea zinapanda, joto linaongezeka, na mzunguko huo hauna mwisho wake mzuri. Sahani ya 15 kwa 15 ukitoa sehemu ya gasketi inabaki kama 12 kwa 12, yaani sm za mraba 144. Kwa ukubwa huo ishia ampea 10 hadi 12, na weka fyuzi ya 15. Ukitaka 20 ongeza ukubwa wa sahani, usiongeze kostiki.

hesabu_kwanza

Hiyo lita 1.6 haipo, mkuu. Ampea moja ikipita saa moja kwenye chumba kimoja (nafasi kati ya sahani mbili) inatoa takriban lita 0.68 za mchanganyiko kwa nyuzi 25. Wewe una vyumba 6: 20 × 6 × 0.68 ni lita 82 kwa saa, sawa na 1.37 kwa dakika, na hapo hakuna hata elektroni moja iliyopotea. Kinachozidi ni mvuke. Kwa nyuzi 65 karibu robo ya kinachotoka kwenye seli ni mvuke wa maji. Pitisha bomba kwenye ndoo ya maji baridi kwanza, ndipo upime. Ukipata 1.2 ushukuru.

Sasa nishati. Chukua hiyo 1.2: kwa saa ni lita 72, theluthi mbili haidrojeni, yaani lita 48, ambazo zikiungua zinatoa kama megajuli 0.48. Petroli ina takriban megajuli 32 kwa lita. Kwa hiyo gesi yako ya saa nzima ni sawa na mililita 15 za petroli, vifuniko vitatu vya chupa ya soda.

Gharama yake? Seli inakula 13.8 × 20 = wati 276. Chaja nayo inapoteza, weka wati 345 kwenye jenereta. Injini ndogo kama hiyo inageuza kuwa umeme sehemu ya tano hivi ya nishati ya petroli, ikibahatika. Hizo wati 345 zinaomba kama mililita 190 za petroli kwa saa. Unatoa 190, unarudishiwa 15. Ndiyo maana umeona "au zaidi".

Joto linalokusumbua nalo linaonekana kwenye hesabu. Kila chumba kinapata volti 2.3, wakati kupasua maji bila kuzalisha joto kunahitaji 1.48. Tofauti ni 0.82 × 6 × 20, wati 98 zinazochemsha seli tu.

Kuwaka kwa gesi tupu: kwa mzigo wa wati 1000 unahitaji karibu mara 50 ya gesi uliyonayo, ambayo ni zaidi ya kilowati 13 za umeme kuingia kwenye seli ili utoe kilowati moja. Kwenye video angalia kitu kimoja: koki ya petroli imefungwa, lakini bakuli la kabureta bado lina petroli. Bila mzigo itanguruma dakika kadhaa kabla haijakauka.

gavana

Hesabu nimeikubali, ila kuna jambo la hatari mmelipita. Magneto ya injini hizi inatoa cheche kila mzunguko wa flaiwili, si kila mizunguko miwili. Cheche ya ziada inakuja mwishoni mwa kutoa moshi, wakati valvu ya kuingiza inakaribia kufunguka au imeshaanza. Petroli haijali. Haidrojeni inawashwa na cheche hafifu mno, moto unarudi kwenye kabureta, unafuata bomba hadi kwenye seli.

Kabla ya kuwasha tena:
- chupa ya mapovu (gesi inapita ndani ya maji ili moto usirudi kwenye seli) karibu na kabureta, plastiki, kamwe si kioo, maji yasipungue sm 15 kimo na nafasi tupu juu yake iwe ndogo;
- kifuniko cha kubana kwa mkono kinachoweza kuruka, siyo cha kufunga kwa bolti;
- valvu ya njia moja kati ya seli na chupa;
- rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayokata umeme wa seli injini ikizimika, la sivyo gesi inajaa kwenye kichujio.

Usiihifadhi gesi hii kwenye mtungi, mpira wala tairi. Ina oksijeni yake ndani, inasubiri cheche tu.

waya_mwekundu

Nimewaelewa. Lakini kuna wanaosema gesi haitumiki kama mafuta, inasaidia petroli iungue vizuri. Na Stanley Meyer, yule Mmarekani aliyedai gari lake linatumia maji?

hesabu_kwanza

Meyer alishtakiwa na wawekezaji wawili huko Ohio, Marekani. Mwaka 1996 mahakama ikasema ni ulaghai na kumwamuru awarudishie dola 25,000. Mashahidi wataalamu waliikagua seli yake wakakuta ni uchanganuzi wa kawaida wa maji kwa umeme.

Kuhusu "kusaidia", pima. Toa tanki, weka chupa yenye alama za mililita. Mzigo uwe hita ya wati 1000, siyo friji inayowaka na kuzima. Pasha injini dakika 15, kisha pima muda wa kuunguza mililita 200. Fanya mara tatu bila gesi na tatu na gesi, ukizichanganya, maana hewa ya mchana na ya jioni si moja. Seli iendeshwe na betri ya pembeni, na uandike volti, ampea na dakika, ili gharama yake isijifiche. Skrubu ya kabureta usiiguse. Wengi wanaoona nafuu wamepunguza petroli kwenye mchanganyiko, na nafuu hiyo wangeipata hata bila seli.

gavana

Kama unataka maji yafanye kazi kweli kwenye injini, kuna kuyanyunyiza. Ndege za Vita vya Pili zenye injini ya R-2800 zilitumia maji na methanoli, na BMW M4 GTS ya 2016 ilitoka kiwandani na mfumo wa maji. Maji hapo hayaungui. Yanapoza mchanganyiko ili usijiwashe wenyewe na injini kugonga ikibanwa sana. Jenereta yako haibanwi kiasi hicho, kwa hiyo hutaona kitu.

waya_mwekundu

Sawa. Namwaga magadi kwenye dumu, nanunua kostiki, naunga rilei. Betri ya 70 Ah inatosha kwa raundi tatu za gesi?

hesabu_kwanza

Kwa wati 1000 mililita 200 zitaisha kwa dakika 15 hadi 20. Raundi tatu kwa ampea 12 ni kama 12 Ah, inatosha. Ila bila chaja volti zitakuwa 12 na ushei, ampea zitashuka, usishangae. Ukimaliza tuma namba zote sita.