Mabua ya kiangazi: urea, mashudu au pumba?

MfugajiHai: Wakuu, ng'ombe wangu wawili wa maziwa wanakula mabua ya mahindi tunayopandisha kutoka mashamba ya tambarare. Tumbo linajaa, maziwa hakuna. Fedha inatosha jambo moja: urea ya kusindika mabua, mashudu ya alizeti, au kuwajazia pumba. Nishike lipi?

Bibi Shamba: Pumba nyingi usithubutu! Wanga ukiingia kwa mkupuo asidi ya tumboni inapanda, na bakteria wanaovunja nyuzinyuzi ndio wanaoumia kwanza. Mnyama anaacha kucheua. Asipocheua mate yanapungua, na mate ndiyo yanayotuliza asidi. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku.

Daktari wa Zizi: Nakubaliana na Bibi. Mkuu, ng'ombe hana uwezo wa kuvunja bua mwenyewe. Kazi hiyo ni ya bakteria wa tumbo la kwanza, nao wanahitaji nitrojeni, ambayo bua kavu halina ya kutosha. Ndiyo maana tumbo limejaa na bado mnyama anakonda. Ukiwapa urea, mbolea yenye nitrojeni, wanaigeuza kuwa protini ya miili yao, kisha wanateremka hadi tumbo la nne na kumeng'enywa wao wenyewe. Yeyusha kilo 4 hadi 5 za urea kwenye maji, nyunyizia kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, shindilia, funika hewa isiingie kwa wiki 3. Ukifungua, anika kwanza harufu kali ipungue.

Mama Ndama: Ndama wachanga wasiguse mabua hayo ya urea, tumbo lao la kwanza halijakomaa. Wala usimwage urea kavu horini au kwenye maji ya kunywa; ng'ombe anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kijana wa Mlimani: Mashudu ni mazuri ila bei inaumiza. Mimi ningepanda kaliandra, mti wa malisho, kwenye kingo za matuta. Kilo 3 za majani mabichi zinakaribia kilo 1 ya chakula cha dukani.

MfugajiHai: Asanteni. Naanza na urea, kaliandra napanda mvua zikianza. Nitajuaje tumbo linafanya kazi?

Daktari wa Zizi: Bonyeza ngumi kwenye bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Ndani ya dakika 2 tumbo likusukume mara 2 au 3. Na wakiwa wamelala wakicheua, hesabu: kila tonge lirudishwalo mdomoni litafunwe mara 50 hivi.