RAM, SSD au indeksi: seva ya mauzo inakwama, tuanze na kipi?

stoo_kuu: Habari zenu wakuu. Nasimamia seva ya kampuni ya biashara ya jumla: Linux, kanzidata ya PostgreSQL, RAM GB 16, diski za kuzunguka. Mhasibu akifungua taarifa ya mteja mmoja tu, kaunta nzima inaganda na ankara hazitoki. Bosi ametoa fungu la kitu kimoja. Kuongeza RAM ifike GB 32, kuhamia SSD (diski zisizozunguka), au kumlipa mtu apitie kweri (maombi ya data kwa kanzidata) na indeksi (orodha za kutafutia mistari haraka)? Wengine wanataka mashine mpya, maana amri ya uptime inaonyesha mzigo (kazi zinazoendeshwa au kusubiri) wa 9 na prosesa ni 4.

fundi_pwani: Mkuu, hiyo 9 isikutishe. Linux inahesabu humo hata kazi zinazosubiri diski. Taarifa ikiwa inafunguka, piga `vmstat 1` utazame us (muda prosesa inaofanyia programu kazi), wa (muda inaosubiri diski), si na so (data inayohamishwa kati ya RAM na diski). wa ikipanda na us ikabaki chini, prosesa haina kosa. si na so zikiendelea kuonyesha namba, hapo RAM imeisha kweli.

stoo_kuu: wa inacheza kati ya 60 na 70, us haifiki 10, si na so ni 0.

mzee_wa_diski: Basi ni SSD, hakuna mjadala. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inasoma sehemu zilizotawanyika kama mara mia kwa sekunde. SSD ni maelfu kwa maelfu. Ukihama, shusha random_page_cost (makadirio ya PostgreSQL ya gharama ya kusoma sehemu zilizotawanyika) kutoka 4 hadi karibu 1.1.

binti_kanzidata: Shikamoo mzee. Naomba tujue kwanza diski inasoma nini. Kaka stoo_kuu, endesha EXPLAIN ANALYZE (inaonyesha kweri inavyotekelezwa) kwenye kweri ya ile taarifa. Angalizo: amri hiyo inaitekeleza kweri kweli, usiijaribu kwenye DELETE. Tazama pia shared_buffers (RAM ambayo PostgreSQL inajitengea kuweka data). Ikiwa bado MB 128 ya kiwandani, ipandishe hadi kama robo ya RAM. Hiyo ni bure, inataka kuwasha upya PostgreSQL tu.

stoo_kuu: Inasema Seq Scan (kusoma jedwali lote mwanzo hadi mwisho) kwenye jedwali la mauzo. Jedwali lina GB 22. Safu ya mteja_id ni ufunguo wa kigeni (inaelekeza kwenye jedwali lingine), nilidhani ina indeksi yake.

binti_kanzidata: Haina. Kanzidata ya MySQL yenye injini ya InnoDB hujitengenezea indeksi ya ufunguo wa kigeni, PostgreSQL haifanyi hivyo. Kwa hiyo inasoma GB 22 kutafuta mistari michache ya mteja mmoja, na jedwali haliingii kwenye RAM yako. Tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, wauzaji wataendelea kuandika wakati inajengwa.

fundi_pwani: RAM ya 32 ingelibeba jedwali lote na mngeona nafuu, mpaka mauzo yaongezeke. Indeksi kwanza.

stoo_kuu: Imejengwa usiku. Taarifa inafunguka papo hapo, wa iko chini ya 5. Asante dada, asanteni wote. Fungu nalielekeza kwenye SSD?

mzee_wa_diski: Marahaba binti, umeona mbali. SSD bado ni chaguo zuri, ila chukua za seva zenye kinga ya umeme kukatika, si za laptop. Na mtu akikushauri uzime fsync (inayohakikisha data imeandikwa diskini) ili kuongeza kasi, kataa: umeme ukikatika, kanzidata inaweza kuharibika usiweze kuiwasha tena.