Uliyefikicha macho mekundu kisha ukamshika mwanangu mashavu, nasema na wewe

Wakuu, nimetoka misa ya pili sasa hivi, hata kitenge sijavua. Yule bwana wa suti ya kijivu mnamjua, anayekaa chini ya feni na kuitikia "Amina" kabla padre hajamaliza.

Januari hii ya 2024 Dar nzima inafikicha macho. Wizara ya Afya imeshatangaza: huu ugonjwa wa macho mekundu ni kirusi, kinasambazwa na mikono, nawa kwa maji tiririka na sabuni. Yeye kaja na macho kama nyanya za Ilula! Mahubiri yote anayafikicha, kidole cha kulia, kidole cha kushoto, machozi yangetosha kubatizia kigango kizima.

Padre kasema mpeane amani. Mimi nikainamisha kichwa, kama tulivyofanya 2020 wakati wa korona. Akanipita, akamshika mwanangu mashavu yote mawili. Kwa vidole vile vile! Nikamwambia, "Baba, samahani, macho yako." Akajibu kwa sauti iliyofika kwa kwaya: "Dada, punguza hofu, hapa ni nyumba ya Mungu."

Mashavu ya mtoto yanang'aa majimaji, watu wananitazama mimi!

Ndoo za koki za 2020 ziko wapi? Moja nimeiona imewekewa maua. Matangazo ya michango yalichukua karne, la "mwenye macho mekundu asali nyumbani" halikuwepo. Vidole vimelowa, wakuu. VIMELOWA.

Benchi_la_Nyuma: Pole dada. Mnawishe mtoto uso, awe na taulo lake peke yake. Na usikubali shangazi yeyote amtie maziwa ya mama wala maji ya chai machoni.

KinandaKibovu: Watu wanaugua kipindupindu, wewe unalilia mashavu. Hayo macho yanapona yenyewe wiki moja au mbili.

Mtoa mada: Mtoto wa miezi kumi na moja! Mikono yake inaishi mdomoni na machoni! Vidole vile vile!

Mwana_Butembo: Huku kwetu mashariki mwa Kongo wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, mlangoni pa kanisa tulinawa maji ya klorini na kupimwa joto, amani tukapeana bila kushikana. Walikuwepo waliosema ugonjwa ni siasa. Tulipoteza watu zaidi ya 2,200. Dada ana haki ya kukasirika.

Katekista_Mstaafu: Kushikana mikono si lazima kwenye misa. Padre anaweza kuiruka sehemu hiyo kabisa. Mwambieni paroko.

KinandaKibovu: Paroko mwenyewe leo kavaa miwani ya jua altareni, hamkujiuliza?

Muanglikana_Halisi: Nyie mna nafuu. Sisi kikombe kimoja, na aliye mbele yangu kila Jumapili ana mafua.

Soprano_wa_Pili: Mkiwa hapo hapo, kwaya yetu imeambiwa inunue sare mpya, elfu themanini na tano. Ya mwaka jana hata haijapauka!

Benchi_la_Nyuma: Sisi laki moja, na viatu juu yake.

Mtoa mada: Jamani, mashavu ya mwanangu!

Muanglikana_Halisi: Laki moja? Fundi ni nani huyo?

Soprano_wa_Pili: Shemeji yake mwenyekiti wa kwaya. Njoo inbox nikupe mkasa wote.