Asilimia 100 ya kasi gani? Megahezi za prosesa zionekane kwa kila mtu kwenye programu za ufuatiliaji, au zibaki zilipo?

ChumaChaPua (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu aliniletea laptop. Imepita kwa mafundi watatu: wa kwanza kapiga Windows upya, wa pili kaongeza RAM, wa tatu kaweka SSD. Bado nzito, ukifungua Excel unaweza kwenda kubandika chai na kurudi. Nikafungua Task Manager (kidirisha cha Windows cha kufuatilia utendaji) nikaipa kazi ngumu: CPU, yaani prosesa, asilimia 33. Haipandi, haishuki, kama imepigiliwa msumari. Ukiona 33 utasema prosesa ina nafasi tele, tafuta tatizo kwingine, na ndicho mafundi wote watatu walichofanya. Nikaiwasha kwa mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi, nikaipa kazi ngumu ileile. Programu ya ufuatiliaji ya Linux iitwayo top ikasema 100.

Mashine moja, kazi moja, namba mbili, na zote ni za kweli. Prosesa ile kasi yake ya kiwandani ni 2.4 GHz, ilikuwa inatembea kwa 0.8, yaani megahezi 800. Tangu Windows 8 hadi Windows 11 ilipobadilishwa mwaka 2025, ukurasa wa Performance wa Task Manager ulikuwa unapima kazi kwa kulinganisha na kasi ya kiwandani, na laptop hii bado iko kwenye utaratibu huo, hivyo prosesa iliyojaa pomoni kwa theluthi ya kasi inaandikwa theluthi. (Turbo, yaani kasi ya ziada juu ya ile ya kiwandani, ikiwaka hesabu hiyo inapita 100, wao wakaamua kuikata isionekane zaidi ya hapo.) top inauliza kitu kingine kabisa: ndani ya muda huu, prosesa ilikuwa na kazi kwa muda gani? Muda wote. Basi 100.

Mchawi alikuwa chaja ya mtaani. Laptop haikuitambua, ikajibana isivute umeme mwingi. Na kwa haki ya Mungu, Task Manager ilikuwa imeandika kasi pale chini kwa herufi ndogo. Macho ya watu wanne yaliipita, yangu yakiwemo siku ya kwanza.

Hoja yangu ni hii: asilimia ya CPU bila kasi ni nusu ya habari. Kila programu ya kufuatilia utendaji iwe na safu ya megahezi, imewashwa tangu mwanzo, imesimama peke yake bila kuchanganywa na asilimia. Leo, kwenye programu za Linux, top na vmstat hazina. htop inayo lakini mpaka uiwashe mwenyewe. sar inayo pia, ila ukusanyaji wake haujawashwa hadi uuombe, kwa hiyo siku unayoihitaji rekodi ya jana unakuta hakuna. turbostat ndiyo kiboko yao, nayo inataka haki za rooti (msimamizi mkuu wa mashine).

Naomba kuwasilisha. Wanaopinga waje na sababu, si kejeli.

Kisiki

Mkuu, napinga. Nahudumia wateja kama ishirini hivi, wengi wao wakiona namba nyekundu wanapiga simu. Prosesa ikiwa haina kazi inashuka yenyewe hadi megahezi 800, hiyo ni kawaida na ni akiba ya umeme. Sasa niwekee safu hiyo kwenye kioo cha mteja: saa nane usiku ananiamsha, "seva yangu inatembea kwa 800 na nililipia 2.4!" Utakuja kumjibu wewe?

Halafu namba yenyewe inaruka kama panzi. Soma mara tano ndani ya sekunde moja, unapata majibu matano.

ChumaChaPua

Kisiki, inaruka ukiisoma kwa kuchungulia. Prosesa za Intel na AMD zina kaunta mbili, APERF na MPERF. Ya kwanza inahesabu kwa kasi halisi ya wakati huo, ya pili kwa kasi isiyobadilika, na zote zinasimama kiini (kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa) kikilala. Chukua tofauti ya kila moja kati ya masomo mawili, gawanya, zidisha kwa kasi ya kiwandani. Kwenye ile laptop APERF ikisogea milioni 800, MPERF inasogea milioni 2,400. Theluthi moja ya 2.4, yaani 0.8. Ni wastani wa kipindi kizima, haurukiruki.

Na kwa vile kaunta hazihesabu wakati wa usingizi, mteja wako haoni kasi ya seva iliyolala, anaona kasi iliyotumika wakati kazi ipo. turbostat wameitenga vizuri: Busy% ni muda wa kazi, Bzy_MHz ni kasi ndani ya muda huo. Nataka safu hizo mbili tu, basi.

Pweza_wa_Seva

Wazo zuri, mleta mada, lakini unaongea kana kwamba kusoma ni bure. Historia inasema vingine, na wengi humu wanaisahau.

Mwaka 2017 toleo la Linux 4.13 lilibadilisha mstari wa "cpu MHz" ndani ya /proc/cpuinfo, faili la taarifa za prosesa. Ukawa unaonesha kasi isiyobadilika badala ya ile ya sasa. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu: namba ya zamani ilikuwa zaidi ni kile mfumo ulichoomba, na prosesa za kisasa zinajiamulia zenyewe. Watumiaji wakalalamika, wamezoea kuuangalia mstari ule. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akayarudisha mabadiliko hayo nyuma kabla 4.14 haijatoka Novemba. Pakajaribiwa njia ya kukiuliza kila kiini kasi yake ya kweli, na hiyo nayo akaiondoa, kwa sababu kwenye mashine yenye viini vingi gharama ilikuwa haivumiliki.

Gharama ipi? APERF ya kiini fulani inasomwa na kiini hichohicho. Ukitaka ya kiini cha 40, unakitumia ujumbe kiache shughuli zake kikujibu. Kama kimelala unakiamsha. Ni kumwamsha mlinzi umuulize kama amesinzia. Sasa programu yako inauliza viini 128 kila sekunde, na /proc/cpuinfo inafunguliwa na programu chungu nzima ambazo hata hazijali kasi, zinataka tu kujua kuna viini vingapi.

Njia isiyosumbua ilipatikana baadaye. Mwaka 2022 kazi ya Thomas Gleixner, mmoja wa wasanidi wa Linux, iliingia: kila kiini kinaandika kaunta zake chenyewe kwenye mdundo wa kawaida wa kerneli (moyo wa mfumo wa Linux), msomaji anachukua kilichokwisha kuandikwa. Ndiyo maana mimi sikatai safu yako. Ninachokataa ni mtu kuisoma kwa ile njia ya zamani halafu atuambie seva yake haishuki umeme usiku.

Kajamba_Nani

Tuwekeeni na joto hapohapo. Chumba chetu cha seva kiyoyozi kimekufa tangu Ramadhani, mlango tumeuegemeza kwa ndoo.

Kufuli

Mmeongea gharama na urahisi, hakuna aliyegusa usalama. Novemba 2020 watafiti walitoa shambulio waliloliita PLATYPUS. Walisoma kaunta ya matumizi ya nishati ya prosesa, ambayo kwenye Linux mtumiaji yeyote alikuwa anaweza kuisoma, na kutokana nayo wakatoa funguo za siri. Tangu hapo faili ile inasomwa na rooti peke yake. Juni 2022 ikaja Hertzbleed: data inayochakatwa hubadilisha umeme unaovutwa, umeme hubadilisha kasi. Kwa maneno mengine kasi ni mita ya umeme iliyovaa kanzu tofauti. Kwenye seva ya pamoja mnataka kila mpangaji apewe mita ya kumpima jirani?

Wenye mashine waione. Wengine hapana.

ChumaChaPua

Kufuli, Hertzbleed unaileta upande wako ila inakuja na upande wangu pia. Wale watafiti waliupata ufunguo wa SIKE (mbinu ya kuficha data kwa siri) kutoka seva ya mbali bila kusoma kaunta yoyote ya kasi. Walipima muda wa majibu tu. Ukifunga safu yangu, saa ya ukutani bado ipo.

Kufuli

Mwizi kuweza kupita dirishani si sababu ya kumwachia na mlango.

ChumaChaPua

Hapo umenikamata. Basi kwenye mashine wanayolala wengi ifungwe kwa kikundi cha wasimamizi. Laptop ya shemeji yangu haina wapangaji.

Mzee_wa_AIX

Vijana mnabishana jambo ambalo upande wetu lilishapata jibu. Nimekaa na mashine za POWER, seva za IBM, kwenye benki miaka mingi. Tangu POWER6 prosesa ina rejista mbili, PURR na SPURR: moja inahesabu matumizi yalivyo, nyingine inayapima upya kulingana na kasi. Ukipiga amri ya lparstat -E unapata seti mbili kwenye mstari mmoja, halisi na iliyosawazishwa, na kasi imekaa katikati yake. Ilikuwa lazima, kwa sababu pale matumizi ya prosesa ndiyo ankara. Idara ikilipia saa nzima ya prosesa iliyopunguzwa kasi usiku kwa ajili ya umeme, mhasibu wao atauliza.

Kisiki, wateja wako hawataki kujua kwa sababu hujawatoza kwa namna hiyo.

Kisiki

Mzee shikamoo. Nimekuelewa, ila mashine zangu nyingi ni za kukodi, na hapo ndipo mtakapogonga mwamba. Ndani ya mashine pepe (seva ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva halisi) kaunta hizo kwa kawaida hazipitishwi. Nimefungua ninayoisimamia sasa hivi: viini vinne, vyote 2249.998. Nimeitwisha kazi, 2249.998. Nimeiacha dakika kumi, ileile. Hiyo si kasi, ni lebo. Sasa safu yako itamwambia mteja kwamba kila kitu kiko sawa, wakati mwenye seva huko chini amejibana hadi nusu.

ChumaChaPua

Hapo pasiandikwe namba kabisa. Kaunta isipokuwepo, kwenye safu iwekwe kistari.

Kisiki

Kistari nakubali. Mteja akiniuliza kistari ni nini, namtumia namba ya simu ya kampuni iliyomkodishia.